Kilete Kilivyo

Kwa wanangu wapendwa, muuguzi wetu na fundi umeme wetu,

Pokeeni salamu nzito kutoka kwa mtu ambaye bila yeye hakuna mkubwa yeyote wa mji huu angepata pa kukaa. Msicheke. Hakimu anakalia kazi yangu, daktari mkuu anakalia kazi yangu, na meneja wa benki, yule mwenye shingo fupi, aliniambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba tangu nimtengenezee kiti upya hata hasira zimempungua. Kwa hiyo nikisema mji huu umetulia kwa sababu yangu, sijatia chumvi. Nimetia kidogo tu, ya kuonja.

Mnaendeleaje huko mliko? Wewe binti, miguu bado inavimba ukitoka zamu? Mwambie mkubwa wako wa kazi kwamba baba yako mdogo amesema hata muuguzi anahitaji kiti. Na wewe kijana, bado unapanda nguzo asubuhi bila kutia kitu tumboni? Njaa na waya wa umeme havipatani, nilikwambia zamani. Sisi hapa hatujambo, ila goti la mama yenu mdogo likipigwa na baridi hulia kama bawaba ya mlango wa stoo. Yeye anasema tatizo si goti, tatizo ni mimi, maana kuishi nami ni kupanda kilima kila siku. Nilimjibu kwamba kileleni kuna hewa nzuri. Alinitazama tu. Lile jicho mnalijua.

Habari za nyumbani ni nyingi. Ile mvua kubwa ya juzi ilikuja na upepo wa kung'oa miti, bati la chumba chetu likaanza kupiga makofi. Nikapanda juu mwenyewe. Mkono mmoja bati, mkono mmoja nyundo, misumari mdomoni, na upepo ukaninyanyua pamoja na bati lenyewe mpaka nikauona mji wote, na watu chini wamefunika macho wasishuhudie. Mama yenu mdogo amepita nyuma yangu hapa na kikombe cha chai, amesoma mstari huo, ameniagiza niandike kwamba nilikuwa ndani, juu ya stuli, nimeshika ndoo. Haya, nimeandika. Lakini stuli yenyewe ilikuwa inayumba.

Yule kuku mwekundu amekataa banda. Anataga kwenye kapu langu la vipande vya vitambaa pale karakana, na anataka velveti tu, ukimwekea kitambaa cha kawaida anaondoka kwa madaha. Msagaji wa mashine ya jirani, yule anayeniita Profesa kwa sababu niliishia darasa la tano, anasema huyo kuku ndiye mteja wangu pekee asiyelalamika. Nilimwambia yeye unga wake una mchanga mpaka meno ya watu yamekuwa mafupi. Akacheka mpaka unga ukamdondoka nyusi. Basi tunaishi hivyo hivyo, kwa kutaniana.

Sasa, binti yangu, najua macho yako yanaruka mistari, yanakitafuta kile kiti. Umekwisha sema moyoni, huyu mzee anazunguka kama mbwa anayetaka kulala. Ni kweli. Nimezunguka wiki nzima. Kalamu ikifika hapo nasimama, nakwenda kumtazama kuku.

Uliponipigia kusema umepata nyumba yako mwenyewe, yenye sebule na dirisha la kuonea watu, nilifurahi mpaka nikampa habari hiyo mtu asiyenijua, amesimama tu barabarani. Ukasema huhitaji zawadi, huhitaji kabati wala meza. Unataka kiti cha marehemu baba yako tu. Ukasema, "Usikiguse, Baba Mdogo. Kilete kilivyo." Nilikusikia vizuri. Sitasingizia masikio. Mdogo wako akatafuta lori, dereva akaja, nikamwambia bado. Akarudi tena, nikamwambia gundi haijakauka. Dereva naye ana mdomo, akawafikishia. Ukanipigia ukauliza, gundi gani tena? Na hapo hapo simu ikakatika. Mwanangu, haikukatika. Niliikata mimi, kisha nikakaa naitazama kama nimeshika kaa la moto. Ndiyo maana naandika. Simu ni kitu cha haraka, na neno hili halitoki kwa haraka.

Nilikwisha tunga hadithi ya kukuambia. Nilikuwa nayo tayari, nzuri, ina mwanzo na mwisho. Kwamba hakimu alikiona kile kiti akakitamani, akatuma askari wawili, nikasimama mlangoni na nyundo yangu. Mama yenu mdogo aliisikiliza yote nilipokuwa nikiifanyia mazoezi, akashona vifungo vya shati langu, halafu akaniuliza kama yule mtoto aliyekuja nyumbani humu amejikunja ndani ya kile kiti, juu ya mkokoteni, nimemlea ili nije nimdanganye. Hadithi ikanifia kinywani.

Mnakumbuka siku hiyo? Wewe kijana hukumbuki, ulikuwa umebebwa mgongoni. Mama yenu alikuwa ametangulia, na sasa baba yenu, kaka yangu, amemfuata. Mlikuja na mabunda mawili ya nguo na kile kiti. Sisi Mungu hakutujalia wa kuwazaa, tukawapata ninyi mmekwisha ota meno. Binti alikuwa akitoka shule havui hata viatu, anakwenda kujikunja mle, anapachika uso kwenye mkono wa kiti, pale kitambaa kilipokuwa na vitundu vya sigara za baba yake. Tulikuwa tunamwachia chakula mle mle. Na miaka yote hiyo sikukigusa. Wateja wakija nyumbani wanakiona, kitambaa kimechanika, sufi zinachungulia, wananicheka kwamba mganga hajigangi. Nilikuwa nawajibu kwamba kile si kiti, kile ni kaka yangu. Nilikuwa nasema hivyo kwa majivuno, kama ninavyosema kila kitu. Laiti ningekuwa nayasikiliza maneno yangu mwenyewe.

Basi sikiliza ilivyokuwa. Ulipokiomba, nikaanza kuwaza sebule yako. Nikawaona wauguzi wenzako wamekuja kukutembelea, wanatazama kiti kimechanika, wanauliza kimetoka wapi. Nawe unasema kimetoka kwa baba yangu mdogo. Anafanya kazi gani? Fundi wa makochi. Nikaona wanavyotazamana. Usingizi ukanipotea kwa aibu ambayo hata haijatokea. Nikasema, la, mwanangu ataletewa kiti ambacho hata daktari mkuu hana. Nikatoa ile velveti nyekundu niliyokuwa nimeificha kwa ajili ya mtu mkubwa asiyejulikana. Nikakibeba kiti mpaka karakana, nikakipindua, nikaanza kung'oa misumari. Nilikuwa napiga mluzi, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, ule mluzi.

Katika kazi yetu kuna sheria moja ambayo fundi haivunji. Sufi ya zamani na kitambaa cha zamani havilali karakana, kwa sababu ya kunguni. Ukiving'oa, unavichoma papo hapo kwenye pipa la nyuma. Kunguni mmoja akiingia kwenye kochi la mteja, jina lako limekwisha. Mikono ya fundi ina akili yake, haingoji kichwa. Mikono yangu iling'oa, ikakusanya, ikabeba, ikachoma. Kitambaa chenye vile vitundu. Sufi iliyokuwa imelala kwa umbo la mtu. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kiberiti nawaza jinsi utakavyonisifu.

Nikarudi kwenye fremu. Nikakisimamisha kiti sakafuni, kikainamia upande. Nikapima, nikaona mguu mmoja ni mfupi. Nikamtukana seremala aliyekitengeneza, nikachukua msumeno, nikaipunguza miguu mitatu mingine mpaka yote ikawa sawa. Kikasimama imara kama askari, nikakijaza sponji, nikakivika ile velveti. Nikaita msagaji aje aone. Akaja, akakizunguka, akajipangusa unga mikononi kabla ya kukigusa.

Aliyekuja baada yake ni mama yenu mdogo, na chai. Alitazama kiti, akatazama moshi. Akauliza, "Umechoma?" Nikasema, kuna kunguni. Akakiweka kikombe chini kwenye vumbi la mbao, taratibu, akaenda kwenye pipa na kijiti. Akachokoa. Hakukuwa na kitu ila misumari. Hakupiga kelele. Mama yenu mdogo asipopiga kelele, jueni pameharibika. Alirudi, akaegemeza mkono kwenye ile velveti, akaniuliza kama nimesahau ule mguu nani aliukata.

Mwanangu, nilikuwepo mguu ule ulipokatwa. Baba yako alikuwa mwashi, na alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi nyonga yake haikurudi sawasawa. Hakuweza kukaa wima. Akaukata mguu mmoja wa kiti kwa msumeno wake mwenyewe ili kiti kimwinamie, kiyafuate maumivu yake. Na aliyekishika kiti kisiteleze alipokuwa akikata ni mimi. Mimi, kwa mikono hii hii. Alikaa, akavuta pumzi, akasema sasa hata kiti kina nyonga mbovu. Tukacheka sana. Sasa nimekitibu kiti. Nimekinyoosha nyonga. Kaka yangu hana tena pa kukaa hapa duniani.

Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu si mjukuu. Wangu anakula nami sahani moja.

Nimejaribu kurekebisha, usidhani nimekaa tu. Nimeondoa velveti. Nimetafuta kitambaa kinachofanana na kile cha zamani, nikakipata, lakini ni kipya, kinang'aa kama mtu aliyetoka kunyolewa. Nimejaza sufi badala ya sponji. Kisha nikawa nakikalia kila nikifunga kazi, nimejiinamisha, ili kiingie umbo. Kimeingia. Lakini nikiinuka natazama, naona ni umbo langu mimi, pana na la kujiachia, la mtu ambaye hajawahi kuanguka kutoka popote. Kaka alikuwa mwembamba. Nimeacha kukikalia.

Kwa hiyo sikutumii bado, na sikudanganyi tena kuhusu gundi. Ukisema nikilete hivi kilivyo sasa, nitakileta mwenyewe, nimekaa nacho nyuma ya lori. Ukisema hukitaki, nitaelewa, na kitakaa hapa hapa sebuleni, na mteja akiuliza sitasema neno. Usiniambie, "Hamna neno, Baba Mdogo." Nakujua, una moyo wa baba yako, utasema hivyo ili nilale. Kasirika kwanza. Mdogo wako akitaka kunitetea kwa sababu huwa ananichekea, mwambie leo asinitetee.

Mama yenu mdogo anawasalimu sana. Anasema binti apake mafuta miguuni kabla ya kulala, na kijana ale. Amesoma barua hii yote na hakunitaka nifute chochote, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu anioe. Anasema nimekosea tena, ni mimi niliyemwoa. Hapo tutaendelea kubishana. Msagaji anawasalimu, na kuku pia kwa namna yake. Nami nawaombea uzima, kazi njema, na viti vizuri popote mtakapokaa.

Limebaki dogo moja, na naona haya kuliandika. Nataka kuukata mguu upya, kama alivyoukata yeye. Msumeno ninao, na kimo nakijua. Lakini ile mitatu nimekwisha isawazisha na ule wake, na sasa sijui wake ni upi. Mama yenu mdogo anasema alikuwa anaegemea kushoto. Mimi nasema kulia, kwa sauti kubwa, lakini nasema tu. Picha zote tulizonazo amesimama. Wewe ulikuwa unajipenyeza pembeni yake, kwenye nafasi aliyobakisha. Niambie, mwanangu, ulikuwa upande gani? Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja, na sikumbuki.

Ni mimi,
Baba yenu mdogo