Vanishi Haijakauka na Mwezi Unaandama

Jumamosi, 13 Aprili 1957

Chungu cha kumi na mbili cha Ramadhani. Koo kavu, kichwa kizito — na gitaa limekwisha! Limebaki kupakwa vanishi tu. Fanueli, seremala wangu, anasema hilo neno "tu" ndilo linalowaua mafundi.

Mninga, kipande kilichobaki lilipotengenezwa kabati la Mhindi mmoja. Fanueli ndiye aliyekichonga, maana mimi nikishika patasi watu huhama. Vichuma vya shingoni nimevikata kwenye spoku za baiskeli. Masikio yake — hili ni la umeme bwana, si la kukwaruza barazani — ni sumaku za simu mbovu, nimezisokotea waya mwembamba kule dukani tunakotengeneza redio, mpaka macho yakaona mbilimbili.

Shangazi Mwanasiti amepita mlangoni na kapu la mihogo ya futari. Akatazama. Akarudi akatazama tena. Akauliza huyu mbuzi wa kukunia nazi miguu yake iko wapi. Nikamwambia ni gitaa, shangazi. Astaghfirullah, mwezi huu! Nikamwambia halina sauti bado. Akasema Mungu azidi kulinyima.

Huyo ndiye aliyenilea toka nikiwa wa kubebwa. Na huyo ndiye peke yake wa kunipelekea posa kwa Mzee Jumbe, baba yake Chiku. Ameshanikatia kauli: yeye hamposei mtu wa dansi, ng'o. Nichague, ubao au mke. Na Mzee Jumbe naye amesema anangoja Idd ipite tu. Yuko mwenye duka wa Horohoro anamtaka Chiku, ana baiskeli mbili. Sijui atazipandaje zote.

Idd pili tunapiga dansi Ngamiani. Gitaa langu mwenyewe, mkononi. Yarabi nifikishe.


Jumanne, 16 Aprili

Vanishi mkono wa kwanza na wa pili. Fanueli huilowesha lakiri kwenye spiriti, akaipaka kwa kidonge cha pamba kilichofungwa kitambaa, taratibu, anazungusha, anazungusha. Mimi nasinzia kwa njaa, yeye anaimba nyimbo za kanisani. Sharti lake: mkono mmoja ukauke ndipo uje mwingine. Nikamwambia fanya haraka. Akasema haraka haraka haina baraka, hiyo mmetufundisha ninyi watu wa pwani, mbona hamuifuati?

Nzi mmoja amenasa. Tumemtoa, mguu umebaki. Hauonekani mtu asipoambiwa.


Jumamosi, 20 Aprili

Limelia! Wallahi limelia!

Tajiri amefunga duka mapema akaniachia ufunguo. Ncha moja ya waya kwenye gitaa, nyingine kwenye tumbo la redio kubwa ile isiyo na mwenyewe. Sasa ikaja mas'ala: nimefunga, Ramadhani, mchana kweupe — nipige dansi? Basi nikamwita Fanueli apige yeye. Fanueli hajui hata kushika. Kapiga waya mmoja tu, ule mnene, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mkwewe. Redio ikanguruma. Wote wawili tukaruka nyuma. Halafu tukacheka mpaka nikaogopa nimefungua.

Nikamwambia dhambi ni yako. Akasema kesho ni Pasaka, kwa hiyo hatokaa nayo sana.

Nje, Chiku alikuwa anapita na mamake. Buibui limefunikwa mpaka puani, lakini miguu ilisimama. Kidogo tu. Mamake akamvuta. Nimefuturu kwa furaha, hata uji sikuuona una sukari au hauna.


Jumatatu, 22 Aprili

Mkono wa mwisho wa vanishi umekauka. Kinang'aa! Naona meno yangu ndani yake. Nimekileta nyumbani Nguvumali, nimekitundika msumarini chumbani kwangu. Naandika "kinang'aa" kama kitoto. Basi.

Shangazi kanituma nimpelekee Fanueli sahani ya kaimati, sikukuu yao. Halafu akanigeuzia uso: wa Horohoro kaleta mchele kwa Jumbe, gunia zima, nimesikia? Nimesikia. Na mie nina nini? Nikatazama ukutani. Naye akatazama ukutani. Akaguna akaenda zake.


Alhamisi, 25 Aprili

Lo! Limepasuka.

Si gitaa lenyewe — vanishi. Nimerudi kazini, nimelishusha nilifute, mbele yote nyufa. Nyembamba, zimetapakaa kama tope la mikokoni likikauka. Nyuma ni balaa zaidi, pamefura vipele na panavuta kidole. Uso wangu siuoni tena. Naona vipande vyangu.

Nimekaa kitandani nimelipakata. Mtu mzima nataka kulia. Nimejinyima sigara na sinema toka kusi lililopita kwa ajili ya hiki kitu.

Shangazi kauliza kwa nini sifuturu. Kichwa, nikamwambia. Akanipaka mafuta ya karafuu kipajini.


Ijumaa, 26 Aprili

Baada ya sala nimekwenda moja kwa moja kwa Fanueli. Nimempa maneno. Kwamba kanipakia spiriti ya taa. Kwamba mkono wa juu aliuweka wa chini haujakauka, alitaka kuwahi Pasaka yake. Kwamba useremala wa milimani ni wa kutengeneza mizinga ya nyuki.

Hakupandisha sauti. Amepangusa mikono, akasema vanishi yake haipasuki yenyewe, hiyo imeona moto. Moto gani? nikamuuliza, mimi hata kiberiti sina, nimefunga! Akasema basi gitaa ndilo halikufunga.

Nimeondoka bila kuaga. Njiani jua, njaa, hasira. Mtu ananiamkia, simjibu. Nilikuwa sina sura.


Jumamosi, 27 Aprili

Nimeligeuza gitaa kwenye mwanga wa dirisha. Ule mgongo unaovuta kidole — una alama. Vijistari vimepishana, vimeacha vijishimo vya pembe nne, safu kwa safu. Nikasema hii nimeiona wapi? Kama mkeka? Hapana. Nikanusa.

Udi.

Udi, bwana! Na ubani juu yake. Na ule mchoro ni wa tenga — tenga la Shangazi, lile analolifunika juu ya chetezo akatandaza nguo zake zipate moshi. Kalilaza gitaa langu chali juu ya tenga, makaa mekundu chini, akalifukiza kama gauni la harusi! Akaligeuza na upande wa pili, maana hana kazi ya nusu. Halafu akalirudisha msumarini, mie niko kazini natengeneza redio za watu.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilitoka na maneno yangu tayari mdomoni. Nimefika mlango wa uani, nikamsikia anazungumza na Bi Kijakazi, jirani, wanachagua mchele. Nikasimama. Bi Kijakazi anamcheka, eti siku zote unalitukana libao lile, leo unalivukizia udi wa Mombasa? Shangazi akamwambia nyamaza wewe. Mtoto akishang'ang'ania jambo utamfanyaje, utamtupa? Bora umkinge. Anakwenda kusimama mbele za watu, kila jicho juu yake, na hasada haichagui. Basi kalifukiza na kalisomea Kulaudhu zote mbili, sura za kinga. Asiambiwe lakini — akijua ataota mapembe.

Nimerudi chumbani kinyumenyume.

Ataota mapembe! Mimi? Nimekaa na gitaa magotini, nimelinusa tena. Sikujua kama napendwa hivi. Naandika, halafu naona haya, na hakuna mtu wa kunionea.

Nimsute? Siwezi. Nimkataze asirudie? Itabidi ajue nimejua, na ajue amelichoma. Ataumia moyo mwaka mzima, na siku sita tena juu yake, kama funga ya sita. Ninyamaze? Basi. Shida moja ipo — Fanueli.


Jumapili, 28 Aprili

Nimemngoja Fanueli nje ya kanisa lao, chini ya jua, nimefunga, ndiyo adabu yangu. Nikamwambia: ni kweli limeona moto. Nikamweleza tenga na udi. Nikamwomba radhi, na mizinga ya nyuki nikaitaja kwa jina.

Kanitazama. Midomo ikaanza kumcheza. Halafu akakaa barazani na suti yake ya Jumapili akacheka mpaka wazee wa kanisa wakageuka. Akasema ameona vanishi ikiharibiwa na mvua, na mbuzi, hata na bwana harusi aliyekalia kiti kibichi. Kwa dua, bado.

Lakini akanipa na yangu. Siku nyingine nimuulize kwanza, ndipo nimtukane. Nikasema inshallah. Akasema si inshallah, sema ndiyo. Nikasema ndiyo.

Tumekwenda kiwandani kwake hapohapo, na suti. Spiriti, msasa, kitambaa. Tumeitoa yote, mpaka mninga ukabaki uchi. Moshi umeingia ndani kabisa. Hata msasa umenuka udi. Amesema hii harufu haitoki, nimwambie Shangazi dua imekubaliwa.

Anaweza kuumaliza mkono wa mwisho Jumanne. Lakini ukae. Usiguswe, usifunikwe, na — kanishika sikio kama mwalimu — usipelekwe popote penye joto mpaka Ijumaa. Dansi ni Idd pili. Mwezi ukionekana Jumanne, Idd pili ni Alhamisi! Nikamwambia hayo ya mwezi hayako mikononi mwangu.


Jumanne, 30 Aprili

Tanga nzima imetoka kutazama mwezi. Watoto juu ya mapipa, wazee wamekinga macho, kila mtu anauona mahali pake. Mimi peke yangu, Mwislamu mwana wa Mwislamu, naomba chini kwa chini usionekane. Yarabi nisamehe! Siku moja tu. Vanishi ya leo ni mbichi kama yai.

Wingu. Hakuna aliyeuona. Tunatimiza thelathini!

Watu wamenung'unika. Mimi nikasema alhamdulillah kwa sauti, Shangazi akanitazama kwa furaha, akasema naona mwaka huu funga imekuingia.


Jumatano, 1 Mei

Umeandama! Kila mtu kauona safari hii, hata Bi Kijakazi asiyeona sindano. Watoto wanapiga madebe. Takbiri msikitini. Nimekwisha kufuturu, naandika chumbani, mlango wazi.

Fanueli amekuja kwa mwaliko wa Shangazi. Amelibeba gitaa mikononi toka Ngamiani kwa miguu, kama mkunga, maana usiku wa Idd kiwandani hakuna wa kulilinda. Shikamoo mama. Marahaba baba, karibu futari. Amelitundika mwenyewe msumarini. Safari hii si meno yangu tu ninayoyaona, naona na taa nyuma yangu na mlango na watu wanaopita. Kazi nzuri kupita ile ya kwanza. Kaninong'oneza: usilipumulie.

Amekaa pembeni ya kitanda anakula tambi. Uani Shangazi anafukiza nguo za Idd. Kanzu yangu. Leso zake mpya. Moshi unaingia mpaka huku. Fanueli ameacha kutafuna.

Anakuja.

Yuko mlangoni. Chetezo mkono huu, tenga mkono ule. Makaa yamewaka kisawasawa.

Kasema hivi — naandika upesi, anaweka tenga chini — kasema mie nadhani yeye mjinga, nadhani hajui ninavyotaka kwenda kusimama mbele za watu bila kinga. Alishanifanyia kwa siri, sasa atanifanyia wazi, Idd imeingia, hana cha kuficha. Mtu hatoki na kitu kipya hakijapata moshi. Halafu Jumamosi anavaa leso hizi mpya anakwenda kwa Jumbe. Mchele wa Horohoro utaliwa na kuisha, kasema, na sisi tutakuwa tungali tupo. Akaniambia: haya, Idarusi, lete ubao wako.

Anakwenda kwa Jumbe! Kasema mwenyewe, mbele ya shahidi!

Fanueli ananitazama. Anatikisa kichwa polepole. Mdomo wake unasema bila sauti: ni m-bi-chi.

Nimejaribu. Nikasema shangazi, lilishafukizwa, tosha. Akasema lilifukizwa la zamani, hili naona ni jipya, lina uso mwingine. Macho hayo! Nikasema basi tungoje kesho. Uso ukamwanguka. Kidogo tu. Akasema kama naona haya ya udi wake mbele ya rafiki yangu, niseme.

Sioni haya.

Nimelishusha. Nimelilaza chali juu ya tenga kwa mikono yangu mwenyewe. Fanueli ameweka sahani chini, ameomba ruhusa ya kutazama mwezi. Shangazi anasoma, mkono wake uko juu ya nyaya, hajawahi kulishika hivyo. Moshi mzuri. Udi wa Mombasa kweli.

Ta!

Kaacha kusoma. Ananiuliza nini hicho kimelia. Nimemwambia ni waya, shangazi, unajikaza. Endelea. Ameinamisha kichwa, anaendelea, na sasa naona ufa wa pili unaanzia pale shingoni, unatembea —