Siku Mama Alipotangaza Mpira

Nyaishozi, Jumapili jioni. Mvua iliyoanza asubuhi imekatika sasa hivi, na migomba bado inadondosha maji.

Nimetoka kanisani na Mama. Tumemwombea mdogo wangu Kemilembe, kama tunavyofanya kila mwaka. Zamani siku hii ilikuwa ikinilemea. Leo nimerudi mwepesi, nikaona niandike.

Kemilembe alizaliwa na moyo mbovu. Hospitalini Nyakahanga walituambia asikimbie, asibebe ndoo, asipande kilima kwa haraka. Na huku kwetu ni vilima vitupu. Kila alipotaka kwenda nilimpakia kwenye baiskeli ya Baba, nikasukuma.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni. Betri za redio tulizianika juani ili ziongeze maisha kidogo. Kemilembe aliegemeza sikio kwenye redio hiyo kila mpira ulipotangazwa. Nyumbani tulisema Kinyambo. Kiswahili chake chote kizuri alikitoa humo.

Jumamosi moja nilimkalisha kwenye kichuguu pembeni ya malisho tulikochezea mpira wa majani ya migomba. Hatukuwa tumemwomba kitu. Akaanza mwenyewe kutangaza.

"Sospeter anao, anamtafuta Deo, Deo anatazama ng'ombe. Sasa anao kaka yangu. Jamani, muwahini kabla hajaupoteza."

Tulicheka mpaka tukashindwa kucheza.

Tangu siku hiyo kila mmoja alicheza ili atajwe. Deo, aliyekuwa mwoga wa kugongwa, akawa wa kwanza kuuvamia mpira. Ukimchezea mwenzako rafu, Kemilembe aligoma kukutaja. "Kuna mtu fulani ana mpira," alisema, mpaka uombe radhi.

Alifariki msimu wa senene, usingizini, akiwa na miaka kumi na miwili.

Siku hiyo siwezi kuiandika vizuri, nimejaribu mara nyingi.

Jumamosi baada ya mazishi tulienda malishoni kwa sababu hatukujua pa kwenda pengine. Tulicheza kimya. Zilisikika pumzi na miguu tu.

Ndipo nikamwona Mama anakuja, amejifunga kanga ya msiba. Nilidhani ananiita nyumbani. Akasimama pembeni, akatazama kidogo, halafu akaanza kusema kwa Kinyambo, kwa sauti ya chini. Mpira hakuujua hata kidogo.

"Yule mrefu anao. Amempa mwenzake. Sasa anao huyu mwenye kaptura iliyochanika."

Huyo nilikuwa mimi.

Deo alisimama katikati ya uwanja akalia. Mama akamwambia, "Deo, mwanangu, cheza. Ukisimama nitasema nini?"

Deo akajifuta kwa mkono, akaupiga mpira. Mama aliendelea, akikosea kila kitu, akishangilia magoli ya pande zote mbili, mpaka sauti ikamkauka. Tukamsindikiza nyumbani sote, timu nzima.

Sikuwahi kumuuliza kwa nini alikuja. Leo, tukitoka kanisani, nimemuuliza.

Akanijibu tukiwa njiani.

"Nyumbani walijaa watu wa kunipa pole. Wote walizungumzia alivyougua. Ninyi ndio mliojua alivyokuwa akicheka. Nilitaka kukaa na ninyi."

Kisha akaniuliza kama kuni zimelowa.

Nimeyageuza maneno yake kichwani jioni yote. Nashukuru kwamba Kemilembe alizaliwa kwetu. Nashukuru kwa miaka kumi na miwili, na kwa mama aliyeweza kutoka nje ya nyumba yenye msiba akatufuata watoto malishoni. Binti yangu anajua tu kwamba shangazi yake alikuwa mgonjwa. Kuanzia sasa nitamsimulia mengine, na nitaanzia kwenye vichekesho.

Mama ameshalala. Mvua ikikubali, kesho tunapura maharage.