Mama Hakuwa Msaidizi wa Fundi

Jumamosi jioni, Chanika. Joto limeganda, hata jani halitikisiki. Nimesimama jikoni tangu alfajiri. Nina hasira. Naandika nikiwa nazo hivihivi, maana nikisubiri zipoe nitaanza kuwa mpole.

Leo tumemaliza arobaini ya Mama.

Siku tuliyomzika, baba mdogo Kosmas, mdogo wake marehemu Baba, ndiye aliyesoma wasifu. Karatasi moja, hata upande wa pili haikufika. Kazaliwa Newala, kaolewa, kaja Dar, kazaa watoto watatu, kaacha wajukuu saba. Halafu akasoma: "Marehemu hakuwa na kazi maalumu. Alimsaidia mumewe, fundi Damiani, kupiga msasa vinyago vyake."

Kupiga msasa!

Nilikuwa darasa la tano macho ya Baba yalipoanza kufa. Alikuwa mchongaji wa mpingo, anajulikana, wateja wanamfuata hukuhuku nyumbani. Mara akaharibu pua ya kinyago. Mara akajikata kidole. Siku moja Mama akamwondolea mkononi tezo lake la kuchongea, taratibu, akaenda nalo nyuma ya nyumba tulikozungushia mabati, akakaa kwenye kigoda akaanza kuchonga. Alichonga miaka kumi na saba.

Baba alikuwa anapapasa kazi kwa vidole. "Filomena, hapa shavuni bado pana unene." Mama anapunguza. Mteja akija, Baba anakaa mbele anasifiwa, Mama anapeleka chai. Baba ndiye aliyetuomba tusimwambie mtu. Sie wote tukafunga midomo.

Alichonga akiwa na mimba ya mdogo wangu wa mwisho. Alichonga na malaria. Binti yangu Jema alilelewa naye tangu anatambaa, mie nikiwa kazini Buguruni, na kuhesabu alijifunza kwenye makovu ya vidole vya bibi yake. Jema alipofika miaka saba Baba akafariki, na Mama ikabidi aache. Vinyago vipya vya marehemu vingetoka wapi?

Hakuna aliyempa pole kwa kuachishwa kazi.

Kinachonichoma ni kwamba baba mdogo alijua. Yeye ndiye alikuwaga anavifunga vinyago kwenye viroba kuvipeleka mjini. Alikuwa anaingia mle kwenye mabati anamkuta Mama na vumbi jeusi mpaka kwenye kope, anamwambia, "Shikamoo shemeji, mzigo tayari?"

Na mie je? Siku ile ya mazishi Jema aliniinamia sikioni. "Mama, si Bibi ndiye alikuwa anachonga?"

Nikamwambia, "Nyamaza."

Nimekaa na neno hilo siku arobaini.

Leo baada ya misa, watu wamekaa chini ya turubai wanasubiri chakula, namwona baba mdogo anatoa karatasi ileile mfukoni. Nilikuwa na sinia la pilau. Nikalitua.

"Baba mdogo, naomba hilo la msasa usilisome."

"Kwa nini?"

"Si kweli. Na unajua si kweli."

Akashusha sauti. "Resti, unataka kumvua nguo baba yako akiwa kaburini?"

"Na Mama? Yeye si mtu?"

"Mama yako mwenyewe alinyamaza mpaka anaingia kaburini. Wewe ni nani useme?"

Nikanyoosha mkono anipe ile karatasi. 

Jema akainuka kwenye mkeka wa wanawake. Ana miaka ishirini na mbili na sauti yake ni ndogo, ila turubai zima lilisikia. "Shikamoo babu. Mie nilimwona Bibi akichonga. Alikuwa ananiambia nikae mbali, vipande visinirukie machoni. Kinyago chake cha mwisho kilikuwa cha mwanamke kabeba kuni. Babu Damiani alikipapasa mpaka akalia."

 

Halafu jirani yetu Mama Hadija, mzee wa miaka themanini sasa, akasema bila hata kuinuka, "Kosmas, mwanangu, kaa chini. Fundi alipolazwa hospitali ya Mwananyamala mwezi mzima, tezo liliendelea kulia nyuma ya hiyo nyumba kila asubuhi. Sie si viziwi."

Wanawake wakaguna. Mmoja akacheka, kisha wote. Kumbe mtaa mzima ulijua! Miaka yote hiyo walikuwa wanapokea chai kwa Mama, wanamwangalia mikono, na wao wanatutunzia siri.

Baba mdogo akakunja karatasi akaondoka bila kula. Hakuomba radhi. Nilitaka aombe, na bado nataka. Nimemkasirikia yeye, nimemkasirikia na Baba, japo nampenda. Huyo aliyekuwa analia juu ya kinyago angeweza kusema neno moja tu mbele ya wateja.

Jioni, tukiwa tunasugua masufuria, nikamwomba Jema msamaha kwa ile siku niliyomnyamazisha. Akaniambia, "Yameisha, Mama." Akaendelea kusugua. Kisha akauliza, "Hivi Bibi mwenyewe alitaka watu wajue?"

Baada ya Baba kufariki, nimeishi na Mama nyumba moja miaka kumi na tano. Nimemuuliza kama kala. Nimemuuliza kama kameza dawa, kama miguu bado inauma, kama nimfungulie dirisha.

Hilo sikuwahi kumuuliza.