Tawi Lililofunga Njia ya Juu

Jumanne, 9 Machi 1937

Karanga za upande wa reli zimepaliliwa. Mgongo unauma. Lakini nimemaliza kabla ya vijana wa jirani, na wao wako wengi. Hapa Usoke hakuna mzee wa umri wangu anayeshika jembe namna hii. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Tereza ameniletea ugali wa mtama na mlenda. Ni mwanangu wa mwisho, na ndiye aliyenifundisha herufi nilipokuwa nasoma ubatizo. Kachungulia daftari. Anasema mistari yangu inakwenda kama wapagazi waliolewa. Angesema mwingine ningemchapa fimbo.

Kasema Jumatatu ya Pasaka kwaya watakwenda Kilima cha Mabwe kutazama maporomoko. Kwenda na kurudi siku moja. Mpangaji ni mumewe, Yohana, mwalimu wa kwaya. Yohana hakuniuliza neno. Mimi! Mimi niliyekuwa kirangozi, natangulia msafara wa pembe za ndovu toka Malagarasi mpaka Bagamoyo, joho jekundu mgongoni, manyoya ya mbega kichwani, na watu wote nyuma yangu. Kilima kile kiko kando ya njia yetu ya zamani. Nimekasirika. Mlenda sikuumaliza.

Jumapili, 14 Machi

Baada ya misa Yohana kaja. Kasimama mbali, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa. Kwa adabu sina la kumlaumu. Kaniomba niende nao. Nadhani Tereza ndiye kamtuma.

Kaeleza mpango wake. Alikwenda peke yake juzi akaitazama njia yote. Watavuka mto chini, mbali na maporomoko, na hapo atafunga kamba ya katani toka mti hadi mti. Watembee wawili wawili. Asiyejua kuogelea asikaribie kidimbwi. Jua likifika utosini wote waanze kurudi, maana mvua ya siku hizi inanyesha mlimani kwanza, na mto unajaa huku chini kukiwa bado kukavu. Njia ya juu, ile inayovuka juu ya maporomoko, hapana. Mwamba umeota utelezi.

Nikamwambia, sisi tulivuka Malagarasi imefurika, pembe begani, hakuna aliyetufungia kamba.

Kasema, "Ndiyo, Baba."

Hiyo ndiyo ya mkwe. Kila kitu ndiyo Baba. Hujui kama amekubali au amekuona mjinga.

Ijumaa, 19 Machi

Mvua. Sikulima. Hamisi kashinda hapa na cherehani yake, anashona kanzu za watoto wa kwaya. Huyu ni Mzaramo, tulibeba mizigo pamoja, na utani wetu haujapoa tangu tukiwa na meno yote. Kaniuliza, "Mnyamwezi wewe, utawaongoza kwa macho yapi? Jana umemwamkia mbuzi wangu." Nikamwambia mbuzi wake ana heshima kuliko mwenyewe. Tukacheka mpaka tukakohoa.

Lakini macho kweli yana ukungu. Naandika hapa tu.

Ijumaa Kuu, 26 Machi

Nimefunga. Njaa haiji kwa mtu aliyewahi kutembea nyika ya Ugogo na kibuyu kitupu.

Nimeuliza nani atatangulia Jumatatu. Tereza anasema Yohana atatoka alfajiri na watu wawili kufunga kamba. Halafu wanaume wa kwaya, na mimi nao. Mwisho wanawake na masufuria, yeye atakuwa huko. Basi wa mbele ni Yohana. Nitafika njia imekwisha kukanyagwa, kama mzigo unaopelekwa.

Vibaya sana.

Jumatatu ya Pasaka, 29 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tulitoka vizuri. Petro anapiga ngoma, wanaume wanaimba. Nilitembea mbele yao na sikuchoka. Tulipofika njia panda, penye mninga mkubwa, nikakuta tawi limelazwa kukinga njia ya juu. Tawi bichi la mti wa mtundu, majani yametazama kwetu. Yohana ndiye aliyeliweka. Ndivyo tulivyofanya sisi katika msafara. Kirangozi akifika penye njia mbili anakinga ile isiyofaa, na mtu wa nyuma hana haja ya kuuliza. Nchi hii yote wanajua hata leo, hata watoto wanaokwenda kuokota kuni. Iliyokingwa siyo. Iliyo wazi ndiyo.

Nililiona lile tawi nikachemka. Nani amfungie kirangozi njia? Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nikalisukuma pembeni kwa fimbo, nikasema kwa sauti wote wasikie, "Njia hii naifungua mimi." Petro akasema, "Mzee, mwalimu wa kwaya amekataza." Nikamwambia apige ngoma, mdomo aupumzishe. Wakacheka. Wakanifuata.

Hatukufika mbali. Mwamba ulikuwa umelowa, unang'aa. Maji niliyasikia, sikuyaona. Mguu ukateleza mara moja, nikashika mzizi. Nikawaambia goti limekaza, tushuke. Goti halikuwa na neno. Niliogopa.

Tukakata porini moja kwa moja mpaka njia ya chini. Haikunijia kurudi penye mninga. Lile tawi lilibaki lilipoangukia.

Tulimkuta Yohana kwenye kamba yake. Kaniangalia, kaangalia tulikotokea. Akakaza fundo. Tukavuka mmoja mmoja, salama kabisa. Nikakaa kwenye jiwe, nimeyapa maporomoko mgongo, kwa hasira. Wengine wanashangilia yale maji, mimi nachonga kijiti.

Wanawake walikuja nyuma. Wakafika njia panda, wakaona njia ya juu iko wazi na nyayo za wanaume zimepanda. Wakadhani Yohana ameona ya juu inafaa, wakapanda. Tereza mbele, sufuria kichwani, anaimbisha.

Tulisikia sufuria kwanza. Inagonga mwamba, inagonga tena. Halafu makelele.

Tereza alianguka pale pale njia ya juu inapovuka. Hakwenda mpaka chini, mwamba wenye ukingo ulimdaka. Yohana alipanda na kamba, sijawahi kuona mtu anapanda vile. Mguu umevunjika juu ya goti, mfupa unaonekana. Tukakata miti miwili, tukafunga shuka, tukambeba. Mvua ikatukuta njiani. Niliomba nishike upande mmoja. Petro akasema, "Acha, Mzee, utatuchelewesha." Kweli ningewachelewesha.

Jumanne, 30 Machi

Wamempakia treni ya Tabora, na Yohana kaenda naye. Tereza alikuwa haongei. Niliita jina lake mara nyingi. Treni imeondoka mimi bado nimeshika fimbo juu kama mtu anayepungia watu.

Sikulima.

Alhamisi, 1 Aprili

Hakuna habari. Katekista anasema homa imepanda. Karanga zimeliwa na ngedere, sina nguvu ya kuwafukuza.

Jumapili, 4 Aprili

Yohana karudi kuchukua nguo. Tereza yu hai. Mguu wamejaribu kuuunga. Daktari hajui kama atautembelea.

Baada ya misa wazee wakamwita Yohana barazani. Na mimi ni mzee, nikakaa nao. Wakamuuliza, wewe ulipanga safari, mbona njia mbaya haikufungwa?

Wote wanajua. Petro anajua, kwaya nzima wanajua, nilipiga kelele mwenyewe. Wamemuuliza yeye ili wasiniulize mimi. Wote walitazama chini, hata wadogo zangu.

Yohana akasema, "Kosa langu. Tawi lilikuwa dogo."

Basi. Wakasema wakati mwingine aweke kubwa. Wakanipa mimi nafasi ya kufunga kikao kwa maneno ya busara, kama kawaida yangu. Nikasema namshukuru Mungu. Nikakaa.

Tawi halikuwa dogo. Lilikuwa limeziba njia yote.

Nilimfuata Yohana mpaka nyuma ya kanisa. Nikamwambia, ni mimi. Kasema, "Ndiyo, Baba." Kwa sauti ile ile. Akaenda zake stesheni.

Jumatano, 7 Aprili

Hamisi kaja. Nilimwona mbali nikajiandaa. Nilijua atasema kirangozi gani huyu, atasema la mbuzi, atanichana. Mtani ana ruhusa, hata msibani. Kwa kweli nilimngoja. Nilitaka mtu mmoja anitukane.

Kaniamkia taratibu. Kaulizia mgonjwa. Kanipa pole, kaacha kanzu aliyonishonea, kaondoka. Hakunitania hata neno moja.

Nimelia. Mtu mzima.

Jumamosi, 17 Aprili

Tabora. Nimelala kwa binamu yangu, mtaa wa Itetemia. Asubuhi nimetembea hadi hospitali, nauliza njia kila kona. Zamani mji huu nilikuwa naingia kwa bunduki na ngoma, wanawake wanatoka kunitazama. Leo muuza maandazi kanishika mkono kunivusha barabara.

Tereza yuko kitanda cha dirishani. Amekonda. Mguu umefungwa mgumu kama gogo. Daktari kasema atatembea, lakini utakuwa mfupi, na mizigo ya kichwani basi tena. Kaniambia mwenyewe, kama anayenipa habari za jirani.

Nilikuwa nimepanga maneno toka Usoke. Yote yalinipotea. Nikasema, "Mwanangu, nililitoa mimi." Akasema, "Najua, Baba. Nyayo zako nazijua, unaburuta wa kushoto. Ndizo nilizofuata."

Kitanda cha pili mama mmoja alikuwa anasuka ukili.

Halafu kauliza, "Yakoje yale maporomoko? Sikuwahi kuyaona. Nilikuwa natazama nikanyage wapi."

Nikafungua mdomo. Ningeweza kumwambia mengi. Nimewaambia watu mengi kuhusu mito.

Nikasema, "Sikuyaona na mimi. Niliyapa mgongo."

Aliangalia dirishani. Sijui kama alikuwa anacheka au vipi, bega lilitikisika kidogo.

Uji ukaja. Hawezi kuinuka vizuri, bakuli linamwagika. Nikaketi kitandani, nikamshikia. Alikunywa polepole. Sikumharakisha.