Vikapu Viwili vya Baba

Fes, Jumatatu baada ya adhuhuri

Dada yangu mpenzi Zhor,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Tanja, wewe na shemeji na watoto. Huku Mama hajambo, ila magoti tu. Baba sitasema hajambo, kwa kuwa nimechoka kukudanganya.

Unakumbuka alivyouahidi msikiti wa mtaani kwetu birika jipya la kutawadhia, kazi ya mikono yake, sadaka? Wakati huo macho yake yalikuwa yamekwisha kabisa, na daktari alimkataza karakana kwa sababu ya vumbi lililomjaa kifuani. Nilimsihi aache. Alicheka, akaniambia atapumzika siku nitakapomvika sanda, na siku hiyo nisiikate vibaya kama ninavyokata vigae.

Unajua tunavyopanga vigae vya nakshi: uso wa rangi chini, mgongo wa udongo juu, na migongo yote hufanana. Baba hakuhitaji macho. Nilimwekea vikapu viwili vya vipande vya umbo moja, kijani kulia, nyeusi kushoto, naye akapanga nyota kwa vidole siku kumi na moja, huku akihesabu kwa sauti. Kisha tukamwaga saruji mgongoni, tukaiacha ikauke iwe bamba moja la ubavu wa birika.

Ijumaa baada ya sala, wanaume sita walilisimamisha bamba lile. Nyota karibu zote zilikuwa zimevurugika, kijani na nyeusi ovyo ovyo. Baba, aliyekuwa akisubiri pongezi, akauliza mbona wamenyamaza. Allal muuza mkaa, na mdomo wake ule, akamuuliza kama safari hii alipanga kwa miguu. Watu wakacheka. Baba akanishika mkono, akaniuliza mimi. Nikamwambia rangi zimechanganyika.

Tangu siku hiyo chakula chake ni vijiko viwili vya supu ya harira. Nyundo yake, ile ya babu, amempa Allal apasulie mkaa. Kutwa anakaa ameegemea ukuta, anahesabu upya kipande kwa kipande kuanzia nyota ya katikati, akitafuta alipokosea. Hapati. Anaanza tena.

Dada, hatapata. Ni mimi. Siku ya tatu, alipokwenda kuswali, nilivichanganya vipande vya vile vikapu. Nilidhani aibu moja tu ingemtoa karakanani na kumwongezea miaka ya kuishi. Kila asubuhi naapa kumwambia, na kila asubuhi namkuta anahesabu, nami naishia kumletea harira yake. Nimekata tamaa kabisa.

Jana aliniita nikae karibu naye. Aliniomba msamaha kwa kuniaibisha mbele ya watu. Nikamjibu kwamba nimemsamehe.

Msalimie shemeji, uwabusu watoto, ila haya usiwasomee. Mama anakuombea dua. Baba hajui kwamba nakuandikia.

Mimi mdogo wako, nisiyestahili kuitwa hivyo,
Ghali