Simu Niliyoitia Mafuta ya Alizeti

Jumatatu, 1 Juni 1998. Singida
Nimemaliza ile simu nyeusi. Ya saba sasa hapa nyumbani. Ndani nimetoa buibui wawili na punje za mtama. Nje nimesugua kwa dawa ya meno mpaka naona uso wangu.

Shirika lilipouzwa, wafagiaji wote tulipunguzwa. Simu hizi za kuzungusha zikatupwa stoo, maana wenye ofisi wapya wanataka za kubonyeza. Nikaziomba. Nimezifuta vumbi miaka kumi na moja, nisingeweza kuziona zinakwenda jalalani. Baba Hawa anasema, "Wenzio wanafuga kuku." Kuku hawang'ai hivi.

Kipimo changu ni kile kile. Nazungusha sifuri, naachia, nasema Bismillahi. Neno likiisha, kisahani cha namba kiwe kimerudi. Mzee fundi aliyenifundisha alikuwa na saa. Mimi nina ulimi. Yule mzee alikuwa anapiga hata bila kisahani. Anagonga tu pale mkonga unapolalia, haraka haraka, mara tatu ni tatu, mara nne ni nne. Nilimcheka sana, halafu nami nikajaribu.

Binti yangu Hawa bado wiki tatu ajifungue. Kwa mtoto wa kwanza alipasuliwa, na mtoto tukampoteza. Kwa huyu wa sasa, nesi kasema asithubutu kuzalia nyumbani. Akishikwa uchungu tu, gari liitwe kutoka hospitali Kiomboi. Ndiyo maana simu nzuri kuliko zote nilimpelekea mkwe wangu Mzee Mkumbo, baba wa mume wa Hawa, dukani kwake Misigiri. Laini anayo. Wote wanakaa pale pale. Roho yangu imetulia kidogo.

Alhamisi, 4 Juni
Baridi. Upepo unapiga bati tangu alfajiri.

Mama Sikudhani mwenye duka pale sokoni kaja na simu niliyomuuzia. Kaifunga kwenye kanga kama mtoto mgonjwa. "Mama Hawa, simu yako ina wazimu. Asubuhi napiga Manyoni, nagombezwa na gereji ya Dodoma! Jua likipanda, inapona." Tumecheka mpaka machozi.

Alipoondoka nikazungusha sifuri. Bismillahi. Kisahani bado kiko njiani. Rahmani. Bado. Rahimi, ndipo kikafika. Kikichelewa hivyo, namba inakwenda kombo.

Nimefungua. Ndani kumeganda kama gundi, na vumbi limeshika humo humo.

Najua ni nini. Mafuta ya cherehani yaliniishia mwezi wa tatu. Nikatia ya alizeti, yale aliyoniletea dada kutoka Ihanja. Mepesi, safi, yananukia. Nikajiona nina akili. Nimeyatia kwenye simu tano.

Ya Misigiri imo.

Ijumaa, 5 Juni
Simu ya Mama Sikudhani nimeiosha kwa mafuta ya taa, nimemrudishia, na hapo hapo dukani nikapiga Misigiri. Mzee Mkumbo kapokea mwenyewe.

"Shikamoo, mkwe."

"Marahaba. Simu yako nzima kabisa, kila siku inalia."

Kulia si shida. Kupokea hakutumii kisahani. Nikamuuliza kama ameshajaribu kupiga. Kacheka. "Nimpigie nani? Kupiga ni hela, mkwe. Nimeitia kufuli."

Kweli. Kufuli dogo, limekaa kwenye tundu la namba. Ufunguo uko mfukoni mwa koti lake. Hakuna aliyeizungusha tangu nimpelekee. Siku itakayozungushwa mara ya kwanza ni siku ya Hawa.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Sikusema. Niliona aibu. Mkwe anione mjinga, natia mafuta ya mboga kwenye simu? Nikamwambia tu ajaribu siku moja. "Sawa, sawa." Hatajaribu.

Mimi ni mama mbaya.

Jumamosi, 6 Juni
Nimemwambia Baba Hawa yote. Hakugomba. Kaniuliza tu, "Aibu yako ndiyo itakayompeleka Hawa hospitali?" Bora angegomba.

Kesho napanda basi. Bisibisi. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mafuta ya cherehani, mapya. Nitasema kwa mdomo wangu.

Jumapili, 7 Juni
Naandika kwenye benchi la hospitali.

Nilifika Misigiri saa nane mchana. Mzee Mkumbo hayupo, kaenda mnadani na mwanawe. Kavaa koti. Ufunguo umo.

Hawa nilimkuta dukani, kakalia gunia, kashika kiuno. "Mama, tangu asubuhi. Nilidhani utapoa." Jasho linamtoka, na baridi yote ile. Jirani kakimbia kutafuta baiskeli. Baiskeli! Mpaka Kiomboi!

Kukitoa kisahani na kukiosha ni saa nzima. Hawa hana saa nzima.

Nikamkumbuka mzee fundi. Nikainua mkonga. Namba ya hospitali imeandikwa kwa chaki ukutani. Nikaanza kugonga. Kapokea mtu wa mashine ya kusaga. Nikamwomba radhi, nikakata. Hawa kapiga kelele. Nikafunga macho. Nikagonga tena, namba moja, Bismillahi, namba nyingine, Bismillahi.

"Hospitali."

Nikalia kabla sijasema neno. Yule dada akaniambia, "Mama, utalia baadaye. Uko wapi?"

Gari lilikuja. Sasa wako naye ndani. Mlango umefungwa.

Jumanne, 9 Juni. Kiomboi
Mtoto wa kike. Hawa kapasuliwa. Wazima wote wawili. Nimemshika. Ana mikono ya baridi na sauti kubwa.

Mzee Mkumbo kaja na koti lake. Nimemweleza ya alizeti, mwanzo mpaka mwisho, bila kumwangalia. "Kumbe, mkwe, uliikaanga simu!" Wodi nzima imecheka. Nimecheka na mimi. Halafu kaingiza mkono mfukoni, kanipa ule ufunguo. Yeye naye ana lake linalomchoma.

Jumamosi, 20 Juni. Singida
Zote tano nimezipitia na kuziosha. Wenyewe nimewaambia kwa nini. Mmoja kanisema vibaya, haki yake. Chupa ya alizeti iko jikoni.

Asubuhi Mama Sikudhani kaniita mbio dukani, nina simu. Alikuwa Mzee Mkumbo.

"Kuna nini, mkwe?"

"Hakuna. Nazungusha tu."

Nyuma yake mtoto analia. Hakukata. Na mimi sikukata.