Mabomba Manne Niliyoyakata

Gulamu, rafiki yangu,

Ni miye Mbwana, mwaka wangu wa sabini na tisa huu. Nimezika wake wawili, meno yote ya juu, na kila fundi wa mtaa wetu wa Mabawa aliyewahi kujiita bingwa. Sikudhani nitakuzika na weye.

Nianze na gari lako. Baada ya arobaini, binti yako Zainabu alisema ataliuza chuma chakavu, maana halipandi mlima. Nikanyamaza. Miye, Gulamu, nikanyamaza! Kosa nalijua la nani.

Yale mabomba manne ya kuvutia hewa kwenye kabureta... Uliyeyusha masufuria ya shemeji, mkeo, bila ruhusa, ukayamimina yawe mabomba, ukayakereza kwa mashine siku tatu, midomo imepanuka kama ua la boga. Marefu, boneti haikufunga. Ulipokwenda swala ya Ijumaa nikatwaa msumeno, nikayakata nusu. Uliporudi ulisema tu, "Mbwana, mlimani injini inazunguka polepole, bomba refu ndilo linaloishibisha hewa." Nami mbele za watu, "Hewa haitaki baraza, inataka mlango!" Wakacheka. Ukaacha ubishi.

Tambarare gari likanguruma vizuri. Mlimani likakohoa. Mwaka mzima nikasingizia plagi, mafuta, mpaka dereva. Na dereva ulikuwa weye. Ukafa hujasikia kweli kinywani mwangu. Hilo ndilo linaloniuma, ndugu yangu, kuliko magoti.

Basi nimeyatengeneza upya. Mikono imezeeka, lakini Tanga hii hajazaliwa wa kunishinda kwa tupa. Urefu nimefuata ule uliouchora kwa penseli ukutani mwa karakana. Safari hii nimekata boneti.

Juzi tulipanda mlima wa Maramba, Zainabu kashika usukani, gia ya tatu, halikukohoa hata mara moja. Akalia. Miye liliniingia jasho machoni tu.

Haliuzwi tena. Kasema mwenyewe.

Kweli ilikuwa yako, Gulamu. Nimelisema mbele ya mafundi wote wa mtaa. Wamenicheka mpaka wakakaa chini, nami nikawaacha wacheke. Naahidi, maadamu ni hai, hakuna atakayeyagusa mabomba yale kwa msumeno, na wa kwanza kukatazwa ni miye.

Mola akupe kivuli, sahibu yangu. Ukidhani natia chumvi, mwulize Bi Mwanaidi, muuza machungwa wa Maramba, aliyetusikia kabla hajatuona. Ila subiri aje huko kwa siku yake, Mungu amcheleweshe.

Mbwana